Kabla ya Kuihukumu Mota ya Waipa

Msikilizaji, mvua za masika zimeshika. Katika gereji za Arusha, Moshi na Nairobi huu ndio msimu wa magari ya zamani kupanga foleni: Land Rover za miaka ya 1960, Peugeot 404, Volkswagen Beetle. Mengi yamepitisha kiangazi kizima waipa zake hazijaguswa. Siku mvua ilipomwagika dereva akawasha, mkono ukatikisika kidogo, ukalala. Akaitwa fundi. Fundi akagusa waya kwa taa yake ya kujaribia, taa ikawaka, naye akatoa hukumu papo hapo: umeme unafika, kwa hiyo mota imekufa, katafute nyingine.

Jioni hii nataka kuitetea mota hiyo.

Naitetea kwa sababu mara nyingi ni nzima. Imetengenezwa kwa chuma na shaba, ikafungwa kwa skrubu ili ifunguke, isafishwe na kurudishwa kazini. Mwenye gari akishaambiwa imekufa, huanza kuhangaika na spea ya kuagiza Uingereza au Ufaransa, husubiri wiki kadhaa na kulipa fedha nyingi, na ile ya asili hutupwa kwenye pipa la vyuma chakavu. Spea ikifika inafungwa, na mkono unalala palepale ulipolala mwanzo. Hapo ndipo watu wanapoanza kusema gari la zamani lina mkosi. Halina mkosi. Halikuchunguzwa.

Tuanze na ile taa ya kujaribia, maana ndiyo inayotupoteza. Taa ile inakula umeme kidogo mno. Waya uliooza ndani ya mpira wake, umebakiza nyuzi mbili tatu za shaba, utaiwasha vizuri kabisa. Lakini mota ya waipa inadai ampea kadhaa, na inadai zaidi pale raba inapoburuta kwenye kioo. Waya uleule uliowasha taa hauwezi kubeba mzigo huo. Kwa hiyo taa kuwaka kunathibitisha jambo moja tu: njia haijakatika kabisa.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi vijana hawakupata nafasi ya kuonyeshwa, wala si kosa lao. Katika mota kadhaa za kampuni ya Lucas za miaka ile, zilizofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza, swichi ya dashibodi haikati umeme unaoingia. Inakata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Ukiwasha gari kwa ufunguo, umeme unafika kwenye mota na kukaa hapo ukingoja, swichi ya waipa iwe imewashwa au imezimwa. Njia ya kurudi ndiyo inayofungwa na kufunguliwa. Fundi aliyezoea magari ya sasa akiona taa inawaka kwenye terminali ya mota, ana kila sababu ya kuamini kwamba swichi ni nzima na mota ndiyo mbovu. Kumbe tatizo liko upande wa pili, kwenye swichi yenyewe au kwenye ile bolti moja inayoshika ethi kwenye bodi.

Na ethi, msikilizaji, ndiyo chanzo cha nusu ya mateso ya magari haya. Fikiria Land Rover, gari lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 1948 kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam. Bodi yake ni aluminiamu, na ukuta unaotenga injini na dereva ni chuma. Aluminiamu na chuma vikigusana penye unyevu hulana taratibu, na unga mweupe unaobaki katikati haupitishi umeme. Juu ya hapo gari limepakwa rangi mara tatu au nne na wamiliki tofauti, kila mmoja akipaka mpaka juu ya bolti. Legeza bolti ile, kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, pakaza grisi kidogo, kaza. Kazi ya dakika kumi. Nimeona waipa zilizokuwa zikijikokota zikiamka kwa kazi hiyo peke yake.

Basi ukitaka kuipa mota haki yake, ifungue kutoka kwenye gari na uipelekee umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa nyaya mbili nene, mmoja ukiwa na fyuzi. Angalia kwanza gari lako linatumia ethi ya upande gani. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana ethi chanya, na ukiyachukulia kama ya leo utaunguza kitu. Mota ikizunguka kwa nguvu na kwa sauti moja, haina hatia. Ubovu uko kwenye nyaya, au uko kwenye mashine inayopeleka mwendo kwenye mikono.

Mashine hiyo inastahili maneno zaidi. Land Rover za mwanzo zilikuwa na kimota kidogo kilichofungwa kwenye fremu ya kioo, kikiendesha mkono mmoja. Baadaye ikaja mota moja inayoendesha mikono miwili kwa kebo ngumu iliyozungushiwa waya mithili ya meno ya skrubu. Kebo hiyo inakwenda mbele na kurudi ndani ya bomba, na kwenye mzizi wa kila mkono kuna gia ndogo inayosukumwa nayo. Bomba likibonyea kidogo, kebo inasugua. Grisi ya kiwandani ikikaa miaka hamsini na kuchanganyika na vumbi la barabara zetu, inakuwa gundi. Mota inasukuma, inapata moto, inapunguza mwendo, na siku moja inasimama. Ukibadilisha mota bila kuvuta kebo ile, kuiosha kwa mafuta ya taa na kuipaka grisi mpya, unaikabidhi mota mpya gundi ileile.

Sasa sikia ufundi wa wazee. Zile gia ndogo hazizunguki duara zima, kwa kuwa mkono unapiga upande huu na kurudi. Meno yanayolika ni ya upande mmoja tu. Waipa inaanza kulegea, inacheza, inaruka jino, na mtu anaambiwa anunue gia mpya. Fundi anayeijua kazi anaitoa gia, anaigeuza nusu duara, anairudisha, nayo inashika kwa meno ambayo hayajawahi kuguswa tangu kiwandani. Gharama yake ni jasho lake. Naipenda sana kazi ya namna hiyo.

Kwa wenye Beetle, mkosaji mkubwa ni ekseli fupi inayobeba mkono. Hukauka ndani ya kikombe chake, hasa gari likikaa muda mrefu bila kutembea. Imwagie mafuta ya kulegeza kutu, subiri, izungushe kwa mkono taratibu, usiipige nyundo.

Mota ikishindwa jaribio la betri, hata hapo usiitupe. Ifungue. Kaboni zikiwa zimelika mpaka springi inagusa, weka nyingine. Shaba inayosuguliwa na kaboni ikiwa nyeusi, isafishe kwa msasa laini na uondoe uchafu ulioziba mifereji yake. Kwenye mota zenye mwendo wa aina mbili kuna kaboni ya tatu, nayo ndiyo ya mwendo wa kasi. Waipa yako ikienda polepole vizuri na kugoma kwenye kasi, anza kuitafuta hiyo.

Huenda mtu akauliza kwa nini nalishupalia jambo hili. Nalishupalia kwa sababu magari haya yalizoea mvua zetu. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, katikati ya masika, matope yakiwa mpaka vioo. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza 7 tu, na Peugeot 404 ikashinda. Mwaka 1966 na 1967 gari la aina hiyohiyo lilishinda mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Mashindano yale yasingemalizika bila waipa. Leo magari ya umri huo bado yanapanda kwenda Karatu, na kwenye ukingo wa Ngorongoro ukungu unalowesha kioo hata siku isiyo na mvua. Dereva asiyeona mbele kwenye kona zile anaweka roho za watu rehani.

Na hapa nasema na wewe mwenye gari, maana lawama si ya fundi peke yake. Tumezoea kumlipa fundi kwa kubadilisha, na hatutaki kumlipa kwa kutafuta. Akikaa saa mbili chini ya dashibodi akifuata waya mmoja, akagundua bolti ya ethi, tunamwambia, "Fundi, mbona hujaweka kitu chochote?" Tunamtupia nauli. Lakini akileta mota kwenye boksi tunafungua pochi bila kubisha. Kijana mwenye akili anajifunza haraka kipi kinamlisha. Wazee waliojua kugeuza ile gia wanastaafu mmoja mmoja, na vijana hawana sababu ya kukaa karibu nao wajifunze, kwa kuwa ujuzi wa kutafuta hauna bei sokoni.

Kwa hiyo safari hii, kabla fundi hajashika bisibisi, patana naye bei ya uchunguzi ikiwa peke yake, mbali na bei ya spea. Mwambie aanze na ethi, aende kwenye swichi, avute kebo, amalizie na mota juu ya betri. Akijaribu waipa, kioo kiwe kimemwagiwa maji, kwani raba kwenye kioo kikavu inailemea mota na kukichora kioo. Raba zenyewe zinunuliwe zile za kioo bapa kama kioo chako ni bapa, maana za vioo vya kupinda hazilali sawasawa. Na jioni akikurudishia mota yako ileile, imefutwa vumbi, inapiga kushoto na kulia, hesabu fedha mliyopatana na umpe yote.