Amani Iliyoanzia Sokoni
Dominika ya 15 ya Mwaka C (Luka 10:25-37)



Katika Injili ya leo mwanasheria anamwuliza Bwana wetu jirani yake ni nani. Yesu hampi orodha ya watu wa kupendwa. Anamsimulia habari za mtu aliyeachwa njiani karibu kufa, akapitwa na kuhani, akapitwa na Mlawi, kisha akaokolewa na Msamaria, mtu ambaye Wayahudi hawakuchangamana naye. Mwalimu wa upendo alitoka nje ya zizi. Kwa hiyo nasi tusione haya kujifunza leo kwa akina mama Waislamu wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya.

Mwaka 1992 nchi ile ilikuwa katika dhiki. Ukame uliwaangamiza mifugo, na baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, bunduki zilivuka mpaka. Koo za wafugaji zikapigana, damu ikadai damu. Usiku mmoja Dekha Ibrahim Abdi, mama kijana, alijificha chini ya kitanda pamoja na mtoto wake, huku risasi zikilia nje. Mama yake mzazi akamweleza kwamba katika miaka ya 1960 yeye naye alijificha hivyo hivyo, Dekha akiwa mtoto. Chuki isiyokatwa hurithiwa.

Dekha na wenzake wachache wa koo mbalimbali hawakuwangoja wakubwa. Walianza sokoni. Waliazimia kwamba mama wa ukoo wowote aweze kuuza na kununua bila hofu. Wakaweka walinzi miongoni mwao. Ugomvi ulipozuka, waliuendea upesi kabla haujawaka. Kisha wakawaendea wazee, wakimtanguliza mzee wa ukoo mdogo, ambao haukutishia mtu. Mwaka 1993 wazee wa koo wakapatana katika Azimio la Al-Fatah. Akina mama wakawafikiria pia vijana wenye silaha, wakijua kwamba asiye na kazi ni vigumu kuitua bunduki. Mwaka 1995 kamati yao ya amani ikaunganishwa na utawala wa wilaya.

Tusidhani kwamba kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Aliyetaka kujiunga nao aliulizwa kama angeendelea kushirikiana na mwenzake hata siku ambayo watu wa ukoo wa huyo mwenzake wangewaua jamaa zake. Asiyeweza kukubali hakupaswa kuingia. Hapo, wapendwa, ndipo penye gharama. Msamaria alilipa dinari mbili. Hawa waliweka rehani kilio cha nyumba zao.

Wala amani hiyo si jiwe lililokwisha kuwekwa. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011 kufuatia ajali ya gari. Mwaka 2014 mapigano ya koo yaliwaka tena katika eneo hilo. Amani ni moto wa jikoni: kila asubuhi sharti mtu ainame aupulize.

Na sisi je? Kuhani na Mlawi hawakumpiga mtu yule, walipita tu. Sisi nasi hatujachoma nyumba ya mtu. Lakini tunapopita duka la jirani kwa sababu ya kabila lake, tunaponyamaza kabila fulani likitukanwa mezani petu, tunapotaka jumuiya yetu ndogo ndogo iwe ya watu wa lugha moja, je, hatuko njiani pamoja nao? Makatekista, watoto husikia maneno yetu kabla ya kusikia mafundisho yenu. Wasaidieni kutaja majirani kwa majina yao, si kwa makabila.

Wiki hii, basi, kila mmoja wetu amfikirie mtu mmoja ambaye nyumba yetu haimsalimu. Tukanunue kwake, tukamjulie hali, tukaketi naye. Ni jambo dogo, nalo soko la Wajir latufundisha kwamba dogo hilo laweza kuwafikia wazee na wenye silaha.

Ee Bwana, utuondolee miguu ya kupita kando, utupe mikono ya kufunga majeraha. Amina.