MAZUNGUMZO BAADA YA HABARI: BUNGE, HAKI NA MTU MWENYE SARE

Katika mji wa Kampala, upande wa Lubaga, iko barabara moja iliyonyooka, yenye urefu wa kama maili moja. Mwanzo wake ni jumba la Bulange, ambamo hukutana Lukiiko, yaani baraza la ufalme wa Buganda. Mwisho wake ni lango la Lubiri, kasri ya Kabaka huko Mengo. Askari wengi wamekwisha kuipita barabara hiyo, wengine wakiwa zamuni, wengine wakienda zao sokoni, na huenda si wengi walioambiwa kwamba majumba yote mawili yalipata kuwa chini ya jeshi. Lubiri iligeuzwa kambi. Bulange ikapewa jina la Republic House, na mahali palipokuwa na viti vya wajumbe zikawekwa afisi za Wizara ya Ulinzi na makao makuu ya jeshi.

Namna ukumbi wa majadiliano ulivyogeuka kuwa mahali pa kutolea amri ni habari ya zamani, lakini yafaa isimuliwe tena, kwa sababu tangu mwaka 2025 Bunge la Uganda limeingia upya katika suala lile lile: ni nani mwenye haki ya kumkamata mtu, na ni nani mwenye haki ya kumhukumu. Wako askari na polisi wanaodhani kwamba mjadala huo ni wa wanasiasa na mawakili, nao hauwahusu. Historia ya nchi hii haikubaliani na mawazo hayo hata kidogo.

Tarehe 4 Februari 1966, mbunge Daudi Ocheng, Mwacholi aliyekuwa katika chama cha Kabaka Yekka, alisimama Bungeni akatoa hoja. Alidai kwamba dhahabu na pembe za ndovu zilikuwa zikitoka Kongo kwa njia isiyo halali, na kwamba Kanali Idi Amin alihusika. Hoja ilitaka kanali huyo asimamishwe kazi wakati uchunguzi ukifanywa. Waziri Mkuu Milton Obote alikuwa ziarani kaskazini. Bunge liliikubali hoja, na mtu mmoja tu, John Kakonge, ndiye aliyeipinga.

Basi hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa katika kazi ya Bunge. Wabunge hawakumhukumu mtu. Walitaka achunguzwe. Lakini tarehe 22 Februari mawaziri watano, Grace Ibingira, Balaki Kirya, Mathias Ngobi, George Magezi na Emmanuel Lumu, walikamatwa wakiwa katika kikao cha Baraza la Mawaziri. Siku mbili baadaye Katiba ilisimamishwa. Kanali ambaye Bunge lilitaka asimamishwe akapandishwa kuwa Mkuu wa Jeshi. Tarehe 15 Aprili Katiba mpya ilipitishwa, na wabunge wakaambiwa kwamba nakala zake wangezikuta katika visanduku vyao vya barua. Walipiga kura kwanza, wakasoma baadaye.

Huko Bulange, tarehe 20 Mei, Lukiiko ilipitisha azimio la kuitaka Serikali Kuu iondoke katika ardhi ya Buganda kabla ya mwisho wa mwezi. Hapana budi kusema wazi kwamba azimio hilo lilikuwa kali mno, na hakuna serikali ambayo ingelipokea kwa utulivu. Jibu lake, hata hivyo, halikutolewa kwa hoja wala mbele ya hakimu. Tarehe 24 Mei jeshi, likiongozwa na Amin, lilishambulia Lubiri. Kabaka Mutesa wa Pili aliponea chupuchupu akakimbilia ng'ambo, akafariki London mwaka 1969. Katiba ya 1967 ikafuta falme zote, na Bulange ikabaki mikononi mwa askari.

Wale mawaziri watano waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka ule ule wa 1966 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliona kwamba sheria iliyotumiwa kuwazuia ilikwenda kinyume cha Katiba. Waliachiliwa, wakakamatwa tena papo hapo kwa kanuni za hali ya hatari. Bunge nalo likapitisha sheria ya kuhalalisha yale yaliyokwisha kutendwa. Walikaa kizuizini hadi mwaka 1971.

Waliofungulia mlango wa gereza walikuwa wanajeshi. Mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971 yalitangazwa kwa sababu 18, na ya kwanza kati ya hizo ilikuwa ni watu kuwekwa kizuizini muda mrefu bila kufikishwa mahakamani. Watu wengi walishangilia mitaani mwa Kampala, na si haki kuwacheka leo. Walikuwa na sababu ya kushangilia, kwa maana ndugu zao walirudi nyumbani. Lakini Bunge lilivunjwa. Tangu siku hiyo hapakuwa na mbunge wa kuuliza, wala Spika wa kumpa nafasi ya kuuliza. Sheria zilitungwa kwa amri. Amri ya mwaka 1971 iliwapa askari wa jeshi uwezo wa kukamata raia. Amri ya 1972 iliwazuia wananchi kuishtaki Serikali kwa mambo yaliyotendwa kwa jina la usalama. Amri ya 1973 ilipeleka raia mbele ya mahakama za kijeshi.

Kwa kuzisoma amri hizo mtu angedhani kwamba askari sasa alikuwa mfalme. Ukweli ni kwamba kundi la kwanza kuangamizwa kwa wingi baada ya Bunge kunyamazishwa lilikuwa la askari wenyewe. Katika kambi za Mbarara na Jinja, mwaka 1971, askari wa Kiacholi na Kilangi waliuawa na askari wenzao. Wengine waliuawa mwaka uliofuata katika gereza la Mutukula. Brigadia Suleiman Hussein, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa juu jeshini wakati wa mapinduzi, aliuawa mwaka 1971 bila kesi yoyote. Wajane wa askari hao hawakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko. Mahakama zilikuwa na hofu, na amri ya 1972 ilikuwa imekwisha kuufunga mlango. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, ambaye Mahakama yake ilithubutu kuagiza mtu aliyezuiliwa aachiliwe, alitolewa katika jengo la Mahakama Kuu na watu wenye silaha tarehe 21 Septemba 1972. Hakuonekana tena.

Polisi nao hawakusalimika. Erinayo Oryema, Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda, alikuwa waziri alipokamatwa tarehe 16 Februari 1977 pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake Charles Oboth-Ofumbi. Wote watatu waliuawa. Mtu aliyefundisha vijana wa polisi namna ya kumfikisha mshtakiwa mbele ya hakimu, yeye mwenyewe hakufikishwa.

Bunge lilirudi baada ya uchaguzi wa Desemba 1980, lakini ile sheria ya mwaka 1967 ya usalama wa umma, iliyoruhusu kuzuia watu bila kesi, ilikuwa bado ipo. Tarehe 23 Februari 1982 wapiganaji wa kikundi cha UFM, chini ya Andrew Kayiira, waliishambulia kambi ya Lubiri. Yaliyofuata yanakumbukwa vizuri na wazee wa Lubaga. Nyumba zilipekuliwa, vijana wakakusanywa uwanjani, wakapakiwa katika malori. Operesheni za aina hiyo zilipewa jina la «panda gari».

Jina hilo linastahili kutazamwa kidogo. Ni maneno mawili mepesi ya Kiswahili, ambayo kwa utingo wa basi ni mwaliko tu. Katika vitongoji vya Kampala yakawa maneno ya kuogofya, na mtoto wa Lubaga ambaye hakujua Kiswahili kingine chochote alijua hayo, pamoja na «kaa chini» na «lete kipande». Hii ndiyo sababu moja kubwa ya watu wengi wa Buganda kukitazama Kiswahili kwa jicho baya: walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, hawakukisikia mahakamani wala shuleni. Mwaka 2005 Bunge lilirekebisha Katiba ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili. Kura ya Bunge peke yake haiwezi kulifuta lile la 1982 katika masikio ya watu. Polisi anayemwambia mtu kwa Kiswahili safi sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kupata wakili anaifanyia lugha hii kazi ambayo mwalimu wa darasani hawezi kuifanya.

Maneno hayo ya wakili na sababu ya kukamatwa hayakuzuka hivi hivi. Bunge la Katiba lililofunguliwa Mei 1994, likiongozwa na James Wapakhabulo, lilikuwa na wajumbe 284, na 10 kati yao walitoka jeshini. Wanajeshi walikaa pamoja na raia, wakajadili. Katiba iliyotangazwa tarehe 8 Oktoba 1995 inasema katika Ibara ya 23 kwamba mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Ibara ya 24 inakataza mateso. Ibara ya 28 inataka kesi isikilizwe kwa haki, upesi, hadharani, mbele ya mahakama huru. Ibara ya 44 inasema kwamba katazo la mateso na haki ya kesi ya haki hayawezi kuondolewa kwa sababu yoyote ile. Na Ibara ya 208 inataka jeshi liwe la taifa zima, lenye nidhamu, lisiloegemea chama, na lililo chini ya mamlaka ya kiraia.

Haki hizo ni za kila mtu. Hazikuandikwa kwamba zitamwacha aliyevaa sare. Tukio la Kotido laonyesha maana yake. Tarehe 21 Machi 2002 padri Declan O'Toole, mmisionari kutoka Ireland, aliuawa kwa risasi pamoja na dereva wake na mpishi wake. Ulikuwa uovu mkubwa, na watu wa Karamoja walidai haki kwa uchungu. Tarehe 25 Machi, siku nne tu baadaye, askari wawili, koplo mmoja na askari wa kawaida mmoja, walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya uwanjani. Kesi haikufika saa tatu. Siku ile ile wakapigwa risasi hadharani. Hawakukata rufaa, kwa kuwa hawakupewa muda wa kufanya hivyo. Kama walikuwa na hatia, kesi ya wiki mbili ingaliithibitisha. Kama palikuwa na mtu mwingine nyuma yao, hapana njia tena ya kuwauliza.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2012, Bunge lilipitisha sheria ya kuzuia na kukataza mateso. Haikuletwa na Serikali. Ilitokana na muswada binafsi wa mbunge Wilfred Niwagaba. Mwenye kutesa aweza kufungwa miaka 15, na kwa mateso yaliyo mabaya zaidi, kifungo cha maisha. Kusema «niliamriwa na afande» si utetezi. Vile vile afande mwenyewe aweza kuwajibika kwa matendo ya walio chini yake. Sheria nyingine, ya 2019, inamfanya mtumishi wa umma anayevunja haki za mtu awajibike yeye binafsi. Ni dhahiri kwamba bado wako watu wanaoteswa; sheria hizo hazijamaliza kazi. Lakini zimebadilisha hesabu ya koplo anayepewa amri chafu usiku.

Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Michael Kabaziguruka, mbunge wa zamani wa Nakawa, iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba, na kwamba mahakama hizo, kama zilivyoundwa, hazikuwa huru. Iliagiza kesi za raia zihamishiwe mahakama za kawaida. Serikali ikapeleka Bungeni muswada wa kurekebisha Sheria ya Jeshi. Upande wa Serikali ulisema kwamba muswada unafuata njia iliyoonyeshwa na majaji, kwa kutaja hali maalumu ambazo raia aweza kufikishwa huko, kama vile kukutwa na silaha ambazo ni za jeshi peke yake. Wapinzani walisema kwamba muswada unarudisha kwa mlango wa nyuma kile ambacho majaji walikitoa kwa mlango wa mbele, wakatoka ukumbini. Muswada ulipitishwa tarehe 20 Mei 2025, siku inayolingana na lile azimio la Bulange la 1966, na Rais akautia sahihi mwezi uliofuata. Wapinzani wake wakaenda katika Mahakama ya Katiba.

Katika kelele za siku hizo, magazeti mengi yalishughulika na wanasiasa waliokuwa wakikabiliwa na kesi. Kifungu kimoja kilipita bila kusemwa sana. Sheria mpya inataka anayesimamia mahakama ya kijeshi awe mtu mwenye elimu ya sheria, mwenye sifa za kuwa wakili au jaji. Kwa mwanasiasa mwenye mawakili kumi jambo hilo huenda ni dogo. Kwa askari wa kawaida anayeshtakiwa kambini, asiye na fedha wala jina, ni jambo alilolikosa yule koplo wa Kotido. Lingaliweza kuandikwa katika sheria miaka mingi iliyopita. Halikuandikwa mpaka majaji walipokataa, na Bunge likalazimika kujadili.

Bulange ilirudishwa kwa ufalme wa Buganda baada ya sheria ya 1993, na Lukiiko hukutana humo tena. Bunge la taifa nalo lina wajumbe 10 wa jeshi. Maneno ya Bunge huandikwa neno kwa neno katika kumbukumbu zake rasmi, Hansard. Yaliyosemwa tarehe 20 Mei 2025 yamo humo, na askari au polisi anayetaka kujua wajumbe wake walisema nini kwa niaba yake aweza kuyasoma.