Nguzo za Hesabu: Magunia ya Njombe na ya Makambako

Wekeni mezani karatasi yenye vyumba, rula na penseli.

Tuseme wakulima wa viazi wamejiunga pamoja. Wana ghala moja Njombe, na jingine Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na njia kuu ya Mbeya. Karani wa Njombe hujumlisha magunia kila Jumamosi, na mwenzake wa Makambako kila mwisho wa mwezi. Wakulima wanataka kujua wakodi malori mangapi. Kwa hiyo wanataka nguzo moja kwa kila mwezi: chini viazi vya Njombe, na juu yake vya Makambako.

Februari ina siku 28, yaani majuma manne kamili. Njombe walipokea magunia 40 kila juma. Makambako walipokea 200 kwa mwezi mzima. Mtu mwenye haraka atachora 40, apandishe 200 juu yake, aseme jumla ni 240. Je, hiyo ni hesabu ya juma au ya mwezi? Si ya juma wala si ya mwezi. Kwanza jumlisheni majuma manne ya Njombe: 160. Sasa pandisheni 200. Jumla ni 360. Kwa hesabu ile ya kwanza, magunia 120 yangekosa lori, na viazi havingoji.

Machi ni ngumu zaidi, maana juma lake la mwisho laweza kuvuka hadi Aprili. Msiligawe kwa kubahatisha. Fungueni daftari la kila siku, mkate hesabu tarehe 31. Wala msichukue 200 za Makambako mkazigawa kwa manne, 50 kila juma. Huenda nyingi zilifika siku za mwisho. Na mwezi ambao karani hakuhesabu, acheni wazi na kuandika "haikuhesabiwa". Msiandike sifuri, kwani sifuri maana yake ghala lilikuwa tupu. (Gunia la lumbesa lisihesabiwe pamoja na gunia la kawaida. Pimeni kwa kilo.)

Sasa tutazame nafasi kati ya nguzo. Tanzania ilihesabu watu mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Hesabuni miaka iliyo katikati: 11, 10, 14, 10, 10. Toeni chumba kimoja kwa kila mwaka. Mwaka 1988 watu walikuwa kama milioni 23. Mwaka 2002 karibu milioni 34 na nusu. Mwaka 2012 karibu milioni 45. Ukizipanga nguzo kwa nafasi sawa, ngazi ya kwanza, ya milioni 11 na nusu, yaonekana kali kuliko ya pili, ya milioni 10 na nusu. Lakini ile ya kwanza ilichukua miaka 14: kama watu laki nane kwa mwaka. Ya pili ilichukua miaka 10: zaidi ya milioni moja kwa mwaka.

Zoezi la nyumbani. Mwaka 2002 mkoa wa Iringa ulikuwa na watu karibu milioni moja na nusu. Mwaka 2012 ulikuwa na watu 941,238. Hawakukimbia, mwaka huohuo mkoa wa Njombe ulikatwa kutoka Iringa, nao ulihesabiwa watu 702,097. Choreni nguzo mbili, ya 2002 na ya 2012, mkiweka Njombe juu ya Iringa katika ile ya pili. Kisha mwambie mwenzako kama watu wa eneo lile walipungua au waliongezeka.