Bandari Iliyofukiwa na Wenyewe

Sikunuia jioni hii kuwapeleka Ulaya, wasikilizaji wangu; lakini wiki hii nimewaona tena watu wakishusha vifusi ukingoni mwa hori ili wajipatie kiwanja, na msimamizi wao, alipoulizwa, akajibu kwa utulivu kwamba bahari ni kubwa, haitapungua. Jawabu hilo nimelichoka.

Basi sikilizeni. Katika Flanders, iliyo Ubelgiji ya leo, uko mji uitwao Brugge, ambao wenyeji wake, tufani ya mwaka 1134 ilipopasua pwani na kufungua mkono wa bahari uitwao Zwin, walijaaliwa njia ya maji bila ya jasho lao, wakauunga mji wao kwa mfereji na bandari ya Damme, hata mwaka 1277 merikebu za Genoa zikaanza kuwajia, na baadaye tujari wa Venice na wa shirikisho la biashara la Hansa wakakutana hapo kwa sufu, nguo na viungo.

Nitakalo mlishike ni hili: wenye mashamba, kila maji yalipokupwa wakaona tope lenye rutuba, walijenga tuta, wakaizuia bahari, wakalisha kondoo. Mkono wa bahari hujisafisha kwa wingi wa maji yaingiayo na kutoka. Na kila tuta lilipopunguza nafasi ya maji kujaa, maji ya kupwa yalikosa nguvu ya kusukuma mchanga. Merikebu kubwa zikaishia Sluis, bandari iliyo karibu zaidi na bahari, shehena ikahamishiwa mashuani, na matuta, narudia, yakazidi kujengwa! Wapo wasemao ni siasa iliyoiua Brugge, kwa kuwa mwaka 1488 wenyeji walimtia Mfalme Maximilian wa Habsburg kizuizini, naye akawahimiza wageni wahamie Antwerp. Ni kweli, lakini mfanyabiashara haihami bandari yenye kina kwa sababu ya ghadhabu ya mfalme peke yake.

Brugge haikupata tena bandari ya maana hadi mwaka 1907, ilipozinduliwa Zeebrugge, baada ya kuchimbwa mfereji mpya na kujengwa ukuta mrefu baharini.

Na wewe unayemwaga ndoo ya taka mferejini kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, usidhani namsema mwenye lori la vifusi peke yake. Kesho ipeleke jalalani.