Kuuliza Si Ujinga: Mambo Manne Yanayotufikisha kwa Wakili

Hotuba ya mkalimani wa msaada wa sheria, Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda



Mimi si wakili. Ni mkimbizi kama ninyi, nilitoka Kivu ya Kusini, na kazi yangu ni kuwatafsiria mawakili wanaotoka Mbarara kuja kutusikiliza. Wakili huketi mezani, mimi huketi kando yake, na watu hupanga mstari nje chini ya mti. Kwa muda wote huo nimeona kwamba matatizo yanayofika pale mezani ni yale yale. Kwa hiyo leo nitataja manne tu, yanayotuumiza kila siku.

Jambo la kwanza ni ardhi. Kanuni za Wakimbizi za Uganda za mwaka 2010 zinasema wazi kwamba ardhi anayogawiwa mkimbizi ni ya kutumia. Haruhusiwi kuiuza, kuikodisha wala kumhamishia mtu mwingine. Nasema haya kwa uchungu. Nilipofika hapa nilikuwa na cherehani moja. Niliiuza, nikanunua kiwanja kwa mwenzetu aliyekuwa anaondoka. Tuliandika karatasi, mashahidi watatu wakatia dole gumba, tukanywa soda, tukaagana. Baada ya msimu mmoja wa mahindi kiwanja kile kikagawiwa familia nyingine. Nilipoonyesha karatasi yangu niliambiwa kwamba aliyeniuzia hakuwa na kitu cha kuuza. Nikakosa cherehani, nikakosa na kiwanja. Basi, mtu akikwambia “nunua hapa, karatasi zipo”, nenda kwanza ofisi ya kamanda wa makazi ukaulize. Na ukitaka kukodi shamba kwa raia nje ya makazi, mwone wakili kabla hujatoa fedha, si baada.

Jambo la pili ni kukamatwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 23, haisemi “raia” peke yake. Inasema mtu yeyote. Ukikamatwa ni lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kumwita wakili na ya ndugu zako kujulishwa. Zikipita saa 48 bila kuachiwa, ni lazima uwe umefikishwa mahakamani. Na ukifika mahakamani hujui Kiingereza, unapewa mkalimani bila malipo.

Dhamana ya polisi ni bure. Narudia kwa ajili ya walioketi nyuma: dhamana ya polisi ni bure! Mama mmoja aliuza mbuzi wake wawili amlipe mtu aliyejidai kuwajua wakubwa, ili mwanawe atoke. Mwana alitoka, lakini alikuwa atoke siku ile ile bila hata shilingi moja. Dhamana ya mahakama ni jambo jingine. Hakimu anaweza kuagiza mlipe fedha, na fedha hizo hurudishwa kesi ikiisha kama mshtakiwa alitii masharti. Kwa hiyo tunzeni risiti. Wengi wetu huitupa, kisha tunadhani tumeibiwa.

Na deni je? Mtu akikukopa akachelewa kulipa, hilo ni dai, si wizi. Usikimbilie polisi ili afungwe. Mahakama ya LC ina uwezo wa kusikiliza madai ya deni yasiyozidi shilingi 2,000,000. Lakini mahakama itakuuliza ushahidi wako. Basi andikeni: nani amemkopesha nani, kiasi gani, atalipa lini, na shahidi ni nani. Hata karatasi ya daftari la shule yatosha kuanzia.

Jambo la tatu ni karatasi za watoto wetu. Mtoto aliyezaliwa hapa ana haki ya kuandikishwa kuzaliwa kwake. Uandikishaji huo haumfanyi kuwa raia wa Uganda, na baadhi yetu hupuuza kwa sababu hiyo. Lakini karatasi hiyo ndiyo inayosema mama yake ni nani, baba yake ni nani, na umri wake ni upi. Siku ya kurudi kwetu, siku ya mtihani, siku ya kugombea shamba la babu, hiyo ndiyo itakayomsemea. Mjane akifika mezani bila karatasi yoyote, wakili humsikiliza, lakini kazi huwa mara mbili.

Jambo la nne ni zito, na naomba wazee mnivumilie. Tuna desturi nzuri ya kumaliza mambo nyumbani. Mbuzi akila maharage ya jirani, watu wakitukanana kisimani, wazee huketi na amani hurudi. Desturi hiyo tusiiache. Lakini yapo mambo ambayo wazee hawana mamlaka ya kuyamaliza. Wakati mmoja niliitwa katika kikao cha familia mbili zisizoelewana lugha. Binti wa miaka 15 alikuwa amenajisiwa. Wazee walikata faini, fedha zikahesabiwa, watu wakapeana mikono. Mimi ndiye niliyetafsiri. Nilitafsiri maneno ya baba wa kijana, ya baba wa binti na ya wazee wote. Maneno ya binti sikuyatafsiri, maana hakuulizwa. Yeye aliacha shule. Mpaka leo tukikutana njiani namwamkia, naye huitikia akitazama chini.

Sheria ya Uganda inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na kumnajisi mtoto ni jinai. Halimalizwi na baraza letu, halimalizwi na mahakama ya LC, halimalizwi kwa mbuzi wala kwa ndoa. Mpelekeni mtoto kituo cha afya mara moja, kabla saa 72 hazijapita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haifai baada ya hapo. Kisha nendeni polisi. Mkiniita tena kutafsiri kikao kama kile, nitakataa, na nitawaambia sababu.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, nanyi nina ombi moja kwenu. Barua zenu nyingi zinakuja kwa Kiingereza. Mzee mmoja alipokea barua, akaihifadhi vizuri katika mfuko wa nailoni pamoja na kadi za chanjo za wajukuu, akidhani ni habari za mgao wa chakula. Kumbe ombi lake la ukimbizi lilikuwa limekataliwa. Sheria ilimpa siku 30 za kukata rufaa. Alipokuja mezani kwetu zilikuwa zimekwisha zamani. Barua ya namna hiyo isikabidhiwe tu. Isomwe kwa lugha ya mtu, naye aulizwe ameelewa nini.

Ndugu zangu, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki ya kuishi hapa, kufanya kazi na kusafiri ndani ya nchi, na inatutaka tuzitii sheria za nchi iliyotupokea. Hayo mawili yanakwenda pamoja. Anayejua haki yake bila wajibu wake atajiingiza taabuni. Anayejua wajibu bila haki ataonewa.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Meza yetu iko pale pale chini ya mti, na kuuliza hakulipiwi. Njooni mapema.