"Hakuna", "Si" na "Bado": Ukanushi katika Hifadhidata za Namba



Huenda mkashangaa kumwona mwanaisimu akizungumzia namna kompyuta inavyohifadhi namba. Kilichonileta huku ni kosa lililotokea katika kazi yetu ya kupima usuhuba wa maneno katika mkusanyo wa matini za Kiswahili.

Kipimo hicho hulinganisha mara ambazo maneno mawili hukutana na mara ambazo yangekutana kwa bahati tu, kisha huchukua logi ya uwiano huo. "Jua" na "kali" hupata namba chanya. Sifuri maana yake maneno hukutana kwa kadiri ya bahati. Maneno yasiyokutana kamwe, tuseme "dema" na "kitivo", uwiano wake ni sifuri. Na logi ya sifuri, kwa kanuni za IEEE 754 zilizowekwa mwaka 1985, ni thamani hasi isiyo na kikomo. Neno lisilomo kabisa katika matini hutuletea sifuri kugawanya kwa sifuri, na jibu lake ni NaN, yaani "si namba".

Mtaalamu aliyepakia majibu hayo katika PostgreSQL aliona safu ya aina ya "numeric" ikikataa thamani isiyo na kikomo. Akaandika sifuri. Simlaumu sana, maana kazi ilikuwa ya haraka. Lakini "dema" na "kitivo", ambayo hayakuwahi kuonana, yakageuka majirani wa kawaida. Tena tulipopanga orodha kuanzia thamani kubwa, kileleni yalikaa maneno yasiyokuwamo, kwa kuwa PostgreSQL huihesabu NaN kuwa kubwa kuliko namba zote. Nusura orodha hiyo iwafikie watunga kamusi!

Tangu toleo la 14, la mwaka 2021, aina ya "numeric" inakubali thamani zisizo na kikomo, ila safu iliyowekewa idadi maalumu ya tarakimu bado huzikataa.

Hapa ndipo lugha yetu inaponisaidia kufundisha. "Hakuna" hukanusha kuwapo kwa kitu, "si" hukanusha kuwa kitu hicho ni kile, na "bado" huacha mlango wazi. Hesabu ya "hakuna" ni sifuri, nayo ni namba halali. NaN ni "si". NULL, nafasi isiyojazwa, iko karibu na "bado": wastani huiruka, ilhali NaN moja tu huufanya wastani wote kuwa NaN.

Safu yetu tumeibadilisha kuwa "double precision", inayopokea thamani zote hizo. Maneno yenye NaN tumeyatoa katika upangaji na kuyapa orodha yake. Siku hizi watunga kamusi huiomba hiyo kwanza, kwani humo ndimo wanamoona maneno ambayo matini zetu hazijayafikia.