KUPIGA PICHA YA RADI

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona kuwa mchezo wa watu wasio na kazi, nalo ni kupiga picha ya radi. Twawaomba msituhukumu upesi. Kwa picha hizo watu wamejua mambo ya radi ambayo jicho la binadamu lisingaliweza kuyaona, hata lingekodolewa miaka elfu.

Mtu akiambiwa achore radi, huchora nini? Huchora mstari uliokunjwakunjwa kama meno ya msumeno, wenye ncha kali mwishoni kama mshale. Wachoraji wa Ulaya walichora hivyo zamani, na watoto wetu shuleni huchora hivyo hivyo hata leo. Katika mji wa Philadelphia, huko Marekani, alikuwako mpiga picha mmoja, jina lake William Jennings, ambaye hakuridhika na mchoro huo. Alitaka radi yenyewe itoe ushahidi wake. Siku zile picha zilipigwa juu ya vioo vilivyopakwa dawa, wala haikuwa kazi ya usiku mmoja. Lakini mwaka 1882 alifanikiwa. Kioo chake hakikuonyesha meno ya msumeno. Kilionyesha kitu kama mto uonekanao kutoka kilele cha mlima, pamoja na vijito vyake: ukipinda hapa, ukizunguka pale, ukitoa matawi membamba yaliyopotelea hewani pasipo kufika chini.

Labda mtauliza, mtu awezaje kubonyeza kamera upesi hata akaiwahi radi? Jibu ni kwamba hawezi, wala hajaribu. Mpiga picha huitega radi kama mvuvi ategavyo dema. Usiku, mawingu yakiwa yangali mbali, huiweka kamera juu ya kiweko cha miguu mitatu ili isitikisike, akaielekeza upande wa mawingu, akairekebisha ione vitu vya mbali kabisa. Kisha hukifungua kilango cha kamera akakiacha wazi, sekunde 10, au 20, au 30. Giza halina nuru ya kuandika kitu. Radi ikipiga katika muda huo, hujiandika yenyewe. Isipopiga, hufunga akaanza tena, na tena. Kwa hiyo usiku ndio wakati wake. Mchana nuru ya jua huijaza picha yote kabla radi haijatokea, na kazi huwa ngumu mno.

Sasa twafika penye utamu wa habari yetu. Picha ya kawaida hutuonyesha njia ya radi, lakini haituambii radi ilianza wapi wala ilikwenda upande gani, maana yote huonekana kama yametokea mara moja. Mjuzi mmoja wa Uingereza, Charles Vernon Boys, alifikiri sana juu ya neno hili, na mwaka 1900 alitengeneza kamera yenye lenzi mbili zizungukazo. Mawazo yake yalikuwa haya: ikiwa radi huchukua muda wo wote kupita njia yake, basi lenzi moja itaipinda picha upande huu, na ya pili itaipinda upande ule. Kwa kuzilinganisha picha hizo mbili mtu ataweza kujua mwendo wake. Mashine ilikuwa nzuri, ila radi za Uingereza ni chache na hazina ahadi. Bwana Boys alikaa na kamera yake miaka mingi bila kupata picha aliyoitaka.

Picha hizo zilipatikana katika bara yetu ya Afrika. Katika nyanda za juu za Johannesburg, miezi ya joto, yaani karibu na Desemba na Januari, ndiyo miezi ya mvua, na tufani za radi hutokea alasiri baada ya alasiri. Hapo Basil Schonland, mzaliwa wa Afrika Kusini, pamoja na wenzake, walianza kuzitega kwa kamera ya namna ya Boys mnamo mwaka 1933.

Waliona nini? Waliona kwamba kwanza hushuka kutoka winguni kitu chenye nuru hafifu, na hakishuki mfululizo. Hupiga hatua ya kama meta 50, hutua kitambo kidogo mno, kama sekunde moja iliyogawanywa mara 20,000, kisha hupiga hatua nyingine, huku kikipinda na kutoa matawi kama kipofu apapasaye njia kwa fimbo. Kinapokutana na kitu cha ardhini, ndipo mwako mkubwa, ule tuuonao sisi, hupita katika njia ile iliyokwisha kufunguliwa. Nao mwako huo hautoki juu; huanza chini ukapanda kwenda winguni, kwa mwendo upatao theluthi ya mwendo wa nuru. Twarudia kusema, kwa sababu wengi hawaamini: mwako ule hupanda. Tena mara nyingi hurudia njia ile ile mara tatu au nne, na kwa hiyo radi huonekana kama inapepesa.

Mtu aliyezoea kusikia kwamba radi hutumwa na adui yake kwa uchawi na afikiri habari hii ya hatua na kupapasa. Kitu kile kinaposhuka hakijui jina la mtu. Kikikaribia ardhi hukutana na kilichoinuka karibu nacho: mti wa peke yake, au mchungaji aliyesimama uwandani. Mwezi wa Juni 2011, katika wilaya ya Kiryandongo huko Uganda, radi moja iliipiga shule, wakafa watoto 18.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kuwafundisheni kutega picha pasipo kuwaambia pa kukaa. Pima kwa sikio. Uonapo mwako, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Hesabu ikiwa haifiki 30, acha kamera uingie ndani. Nayo ndani si chini ya mti, wala baraza, wala kibanda cha nyasi. Ni nyumba kubwa iliyofungwa, yenye nyaya na mabomba yaingiayo ardhini, au motokaa ya bati iliyofungwa vioo.

Sisi wenyewe tulijifunza hayo kwa aibu kidogo. Ziwa Viktoria ni mahali pazuri mno pa kazi hii, maana usiku pepo za nchi kavu huvuma kutoka pande zote zikakutana juu ya maji, na mawingu makubwa huinuka huko. Tulikuwa karibu na Mwanza, tumeiweka kamera mbele ya nyumba tuliyopanga, penye jabali. Tulihesabu 50, kisha 40. Picha zote zilikuwa giza tupu, au mwako umepiga nje ya picha. Tulipofika 25 tulisema, moja tu, ya mwisho. Mama mwenye nyumba akafungua dirisha akatuita, "Wanangu, hesabu gani hiyo isiyokwisha? Ingieni ndani!" Tukaingia mbio, na kwa haraka yetu tukaisahau kamera nje, waya wake tumeukaza, nayo ikaendelea kufungua na kufunga kilango chake peke yake mvuani.

Asubuhi tuliikuta imerowa chapachapa. Ilitaka siku tatu kukauka. Miongoni mwa picha zake ilikuwamo moja iliyofaa. Radi imeshuka juu ya ziwa, nyuma ya kisiwa kidogo, na ukihesabu matawi yake yaliyokoma hewani utapata kumi na moja. Pembeni, penye ukungu wa matone ya mvua juu ya lenzi, laonekana lile jabali tulilokuwa tumesimama juu yake.